Bol, Aliyefuata Mapacha

Nairobi ina uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Dar es Salaam wa Julius Nyerere, Unguja wa Abeid Amani Karume. Juba, mji alikozikwa kiongozi wa ukombozi John Garang Agosti 2005, uwanja wake unaitwa Juba tu. Lakini ukiwasikiliza wazee wa Kibari, wenyeji wa hapo, huo nao una jina la mtu: mji, wanasema, uliitwa kwa jina la Jubek, mzee wao wa kale ambaye kaburi lake limo humo humo mjini. Serikali ilipochora upya majimbo mwaka 2015, jimbo lenye makao Juba likaitwa Jubek, na likadumu hadi mfumo wa majimbo kumi uliporudishwa mwaka 2020. Kwa hiyo zile herufi tatu, JUB, zinazobandikwa kwenye begi la kila abiria anayeelekea huko, ni kipande cha jina la babu wa watu.

Hakuna mahali Sudan Kusini ambapo majina hupata taabu kama pale penye dirisha la uhamiaji. Jengo la sasa la abiria lilifunguliwa Oktoba 2018. Kabla ya hapo wasafiri walihudumiwa ndani ya mahema, na joto la Juba si la mchezo. Hema au jengo, fomu za safari ni zile zile za dunia nzima: kisanduku cha jina la kwanza, kisanduku cha jina la ukoo. Mdinka wa kawaida wa nchi hiyo hana jina la ukoo. Ana jina lake, halafu la baba, halafu la babu, halafu la baba wa babu, na akiachiwa ataendelea mpaka aliye nyuma yake kwenye foleni aanze kukohoa. Sisi wa pwani hatuoni ajabu, maana ubini tunaujua: fulani bin fulani bin fulani. Taabu inaanza pale mnyororo unapokatwa kiungo kimoja na kuambiwa hicho ndicho jina la familia.

Kiungo kimoja kati ya hivyo ni jina Bol. Kwa anayelisoma mara ya kwanza ni jina geni, fupi, lisilofanana na kitu. Kwa Mdinka limeshasema kila kitu. Bol ni mtoto wa kiume aliyezaliwa baada ya mapacha. Akiwa wa kike ni Nyibol. Hapachaguliwi hapo. Mama akishajifungua mapacha, jina la mtoto atakayefuata limekwisha kuwekwa, hata kabla mimba yake haijatungwa.

Msukuma anayesoma hapa ameshatabasamu, kwa sababu huyo ni Shija. Kulwa na Doto wakishapita, anayefuata ni Shija, na Tanzania nzima inajua, hata wasiojua neno jingine la Kisukuma. Kwa Waganda wanapita Wasswa na Kato, au Babirye na Nakato wakiwa wasichana, kisha anakuja Kizza. Waluo wa Kenya wana Opiyo na Odongo, halafu Okello. Waacholi, ambao baadhi yao ni raia wa Sudan Kusini, nao wana Okello wao. Wakongo wa magharibi wana Nsimba na Nzuzi, nyuma yao Landu. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde, halafu Idowu. Bara zima limekubaliana, bila kikao, kwamba mtoto wa tatu katika mlolongo huo asipewe jina la kubahatisha.

Sababu yake ni nini? Wengi huishia kusema mapacha ni baraka, au mapacha ni mkosi, kutegemea unamuuliza nani. Wanuer, majirani wa Wadinka ambao nao wanalitumia jina Bol, walimwambia mwanaanthropolojia Evans-Pritchard kwamba mapacha ni ndege. Aliishi kwao kwa vipindi katika miaka ya 1930, na kitabu chake cha mwaka 1956 kuhusu dini ya Wanuer kikaifanya kauli hiyo mada ya mabishano ya wanafalsafa mpaka leo. Hawakumaanisha mabawa. Walimaanisha kwamba mapacha ni watu wa juu, wa upande wa Mungu, kama ndege walivyo wa angani. Pacha hali ndege, na pacha akifa akiwa mchanga hazikwi ardhini bali huwekwa kwenye panda za mti. Baada ya ugeni wa namna hiyo nyumbani, mtoto mmoja wa kawaida anayefuata anarudisha mambo kwenye mstari.

Mimi naona jina hili halimhusu sana mtoto. Linamhusu mama. Bol ni taarifa kwamba mwanamke huyu alibeba wawili, akajifungua, akabaki hai, akashika mimba tena, na hiyo nayo ikafika salama. Katika nchi nyingine hiyo ni habari ndogo. Kwa Sudan Kusini si ndogo hata kidogo: makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yalikuwa vifo vya wanawake 1,223 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Na mimba ya mapacha ni ya hatari zaidi kuliko ya mtoto mmoja popote pale. Kila Bol aliyepewa jina hilo kwa kanuni yake ana mama aliyevuka hatari hiyo akarudi tena leba.

Jirani yake ni Chol, na wa kike ni Achol. Huyo ni mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu yake kufariki. Amekuja kufuta machozi. Majina haya mawili hukaa pamoja katika koo nyingi, na yakikaa pamoja unaisoma historia ya uzazi wa nyumba hiyo bila kumuuliza mtu. Kando yake yako majina ya mifugo: Mabior ni fahali mweupe, Majok ni mwenye mabaka meusi na meupe, na dada yake ni Ajok. Deng ni mvua, na ni jina la nguvu ya mbinguni inayoileta. Lakini haya mzazi ana hiari nayo kidogo. Bol na Chol hayana hiari.

Sasa tazama lilivyosafiri. Mwaka 1983 kijana mmoja wa Turalei, kaskazini mwa eneo la Bahr el Ghazal, alipanda ndege kwenda Marekani. Baba yake alimwita Manute, jina ambalo hufasiriwa kuwa baraka ya pekee, na hilo kweli ni adimu hata kwao. Baba mwenyewe aliitwa Madut, na babu, aliyekuwa chifu, aliitwa Bol Chol. Kwa mpangilio wa Kidinka basi kijana ni Manute Madut Bol Chol. Yaani ukipanda mnyororo huo unakutana na mtoto aliyefuata mapacha, na juu yake aliyefuata msiba. Pasi yake ya Sudan ilisema ana urefu wa futi 5 na inchi 2. Alikuwa na futi 7 na inchi 7, sawa na mita 2.31. Mwenyewe alieleza kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi.

Karani aliyekosea urefu kwa zaidi ya futi mbili hatumtazamii awe makini na ukoo. Katika safari hiyo ya makaratasi Madut akaanguka njiani, Chol akaachwa nyuma, na aliyeingia Marekani akawa Manute Bol, Bol likiwa ndilo jina la familia. Mwaka 1985 Washington Bullets walimchagua Manute kuwa mchezaji wa 31 katika mchujo wa ligi ya NBA. Msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397, rekodi ya mchezaji mgeni. Mpaka anastaafu alikuwa amezuia mipira 2,086 na kufunga pointi 1,599. Ni nadra mno mchezaji wa kikapu kuzuia mingi kuliko anavyofunga. Watangazaji wa Marekani wakalizoea neno Bol, wakalipenda, na hakuna aliyewaambia kwamba kila wakilitaja wanamsimulia mama wa babu yake na uzazi wake.

Alifariki Juni 2010 huko Virginia, mwaka mmoja kabla ya Sudan Kusini kuwa huru, akazikwa Turalei.

Mwanawe alizaliwa Khartoum Novemba 1999 na akapewa jina la yule chifu. Nyumbani angekuwa Bol Manute, basi, jina zuri lisilo na kichekesho. Marekani, ambako Bol ilishagandishwa kuwa jina la ukoo, akawa Bol Bol. Mwaka 2019 alichaguliwa wa 44 katika mchujo ule ule wa baba yake, na mashabiki wakacheka kwamba wazazi waliishiwa majina. Kumbe hawakuishiwa. Walimpa jina moja tu. La pili lilitoka kwa makarani. Si yeye peke yake: timu ya taifa ya kikapu ya Sudan Kusini, ile iliyowatoa jasho Wamarekani London Julai 2024 kwa 101–100 na kisha kuifunga Puerto Rico kwenye Olimpiki, ilikuwa na mchezaji aitwaye Kuany Kuany.

Kuna siku jina hili lilionekana mara mbili kwenye uwanja mmoja. Tarehe 4 Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo, Femke Bol alipata shaba ya mita 400 kuruka viunzi, na jioni yake Peter Bol, mzaliwa wa Khartoum anayeiwakilisha Australia, akamaliza wa nne katika mita 800 ile ambayo Wakenya Korir na Rotich walichukua dhahabu na fedha. Bol ya Femke ni ya Kiholanzi, haina mapacha ndani yake. Ubao wa matokeo, lakini, haubagui.

Je, Bol wako wangapi? Sensa ya mwisho iliyofika Sudan Kusini nzima ilifanyika 2008, na majina hayamo katika matokeo yake. Ila jina hili lina kipimo chake, jambo ambalo majina mengi hayana. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba Afrika, katika kila uzazi 1,000, karibu 17 ni wa mapacha. Mradi kanuni inashikwa, Bol na Nyibol hawawezi kuzidi idadi ya mama hao wanaorudi tena leba. Jina haliwezi kuvuma kwa sababu mtu fulani kafanikiwa. Mwanasiasa Benjamin Bol Mel alipoteuliwa kuwa makamu wa rais Februari 2025, na hata alipofutwa Novemba mwaka huo huo, mapacha hawakuongezeka wala kupungua.

Njia ya pili ya kuenea ni kumrithi babu au baba wa babu, kama Bol Bol alivyofanya, na hiyo haina kikomo.  Lakini inawabeba wanaume peke yao. Nyibol hana mnyororo: watoto wake watataja jina la baba yao, na babu yao, na jina lililotangaza uzazi wa bibi yao mzaa mama linaishia kwake. Msichana anayezaliwa Melbourne katika familia iliyoandikishwa Bol ataitwa Bol kwenye daftari la shule, jina la kiume kabisa.

Na kwa familia hizo zilizogandishwa ukoo, kanuni ya zamani bado iko kazini. Baba akiwa ameandikishwa Bol, mkewe akajifungua mapacha, kisha akapata mtoto wa kiume, mila haitawaachia la kuamua. Watamwita Bol, na yule wa dirishani atawauliza kama hawakukosea kujaza fomu.