Shankly alipobwaga manyanga, mrithi alikuwa tayari ndani ya nyumba

Julai 12, 2024, ilitimia miaka 50 tangu Bill Shankly aketi mbele ya waandishi wa habari pale Anfield, huku mwenyekiti wa Liverpool, John Smith, akitangaza kwa masikitiko kwamba kocha huyo ameamua kupumzika. Alikuwa na umri wa miaka 60. Mei 4, 1974, timu yake ilikuwa imeichapa Newcastle United mabao 3-0 katika fainali ya Kombe la FA uwanjani Wembley, na mashabiki wawili waliingia uwanjani wakapiga magoti kuibusu miguu yake. Hakuna aliyemfukuza wala aliyekuwa amemchoka. Aliondoka akiwa juu kabisa.

Kumbukumbu hii ilikuja mwaka uleule ambao kocha Jürgen Klopp naye aliiaga Anfield. Tangu Januari 26, alipotangaza kwamba nguvu zinamwishia, vijiwe vya soka kuanzia Kariakoo hadi Mombasa vilikuwa na swali moja tu: nani atarithi mikoba? Alitajwa Xabi Alonso, ambaye aliamua kubaki Bayer Leverkusen. Akatajwa Rúben Amorim wa Sporting. Mwishowe kazi akapewa Arne Slot kutoka Feyenoord. Tuliliuliza swali hilo kana kwamba ni jipya. Liverpool ililijibu nusu karne iliyopita, na jibu lake ni kubwa kuliko jina la mtu mmoja.

Mji uliokataa kuamini

Siku ile ya Julai 1974, mtangazaji Tony Wilson wa televisheni ya Granada alitoka barabarani na kipaza sauti kuwapasha habari wapita njia. Picha zake zipo hadi leo. Mvulana mmoja anamkazia macho kama anayedanganywa, anauliza tena, na bado anakataa kuamini. Simu za klabu zilizidiwa, na iliripotiwa kuwa wafanyakazi wa viwandani walitishia kugoma.

Ndani ya klabu, mwanzoni hawakulichukulia kwa uzito, kwa sababu Shankly alikuwa na kawaida ya kutishia kuondoka msimu unapokwisha. Katibu wa klabu, Peter Robinson, alidhani ni yaleyale ya kila mwaka. Safari hii haikuwa hivyo. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1976, ambacho ndicho nilichokitegemea kwa sehemu kubwa ya makala haya, Shankly anasema kwenda kumweleza mwenyekiti uamuzi wake kulikuwa kama kutembea kuelekea kiti cha umeme cha waliohukumiwa kifo.

Rekodi yake inajulikana. Mzaliwa wa Glenbuck, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Uskoti, alifika Anfield Desemba 1959 akaikuta Liverpool ikiwa Daraja la Pili. Aliipandisha 1962, akatwaa ubingwa wa England 1964, 1966 na 1973, Kombe la FA 1965 na 1974, na Kombe la UEFA 1973.

Lisilosemwa sana ni jambo alilolifanya siku zake za mwanzo. Aliwakuta Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett kwenye benchi la ufundi, na hakumfukuza hata mmoja. Aliwaambia watabaki, na alichotaka kwao ni uaminifu. Uamuzi huo ndio uliokuja kuamua nani angemrithi miaka 15 baadaye.

Wanaume hao walikuwa na kachumba chini ya jukwaa kuu la Anfield, palipotundikwa njumu za wachezaji. Hakakuwa na samani za maana. Walikalia makreti ya bia, wakachambua mazoezi ya siku: nani anachechemea, nani kashuka kiwango, kijana gani wa kikosi cha pili anastahili kupandishwa. Kila kitu kiliingia kwenye daftari: aina ya mazoezi, hali ya hewa, majeraha. Timu ikianza kuyumba, walifungua madaftari ya misimu iliyopita kutafuta chanzo. Baada ya mechi, makocha wa timu pinzani walikaribishwa kwa kinywaji, na wengi waliondoka wakiwa wamesema mengi kuliko walivyokusudia. Baadaye waliongezeka Ronnie Moran na Tom Saunders. Chumba cha njumu kilikuwa kijiwe na chuo kwa pamoja.

Mrithi asiyeitaka kazi

Julai 26, wiki mbili tu baada ya tangazo, bodi ilimtaja Paisley. Hakuwa mtu wa maneno wala wa kamera. Alizaliwa 1919 Hetton-le-Hole, eneo la migodi la Durham, akajiunga na Liverpool kama mchezaji 1939, vita vikamchukua, akarudi na kuwa bingwa wa England 1947. Mwaka 1950 alifunga bao dhidi ya Everton katika nusu fainali ya Kombe la FA, kisha akaachwa nje ya kikosi cha fainali. Alipotundika njumu 1954 alibaki palepale, akafundisha kikosi cha pili na kujisomea mwenyewe tiba ya majeraha ya wachezaji. Kufikia 1974 alikuwa na miaka 35 ndani ya klabu moja.

Paisley hakuitaka nafasi hiyo. Alijaribu kumshawishi Shankly achukue mapumziko marefu kisha arejee, na aliposhindwa, aliwaambia wachezaji waziwazi kwamba hakuwa ameiomba kazi. Bodi haikuyumba. Ilikuwa imeelewa kwamba anayeijua timu ile kuliko wote alikuwa akikalia kreti ndani ya jengo lao.

Kuupima uamuzi huo, angalia majirani. Kiangazi hichohicho Don Revie aliiacha Leeds United, mabingwa wa England, akaenda kuifundisha timu ya taifa. Leeds wakamchukua Brian Clough, kocha hodari ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiishambulia Leeds hadharani. Aliwatia wachezaji uadui tangu siku za kwanza na akadumu siku 44. Manchester United nao walikuwa wamempa Wilf McGuinness, aliyekuwa na umri wa miaka 31, kiti cha Matt Busby mwaka 1969, huku Busby akibaki klabuni kama meneja mkuu. McGuinness aliondolewa kazini Desemba 1970, Busby akarudi kumalizia msimu, na United ilishuka daraja 1974.

Kidonda cha Melwood

Hapa ndipo habari inapoingia uchungu, na ndipo Liverpool inapostahili lawama.

Agosti 10, 1974, klabu ilimpa Shankly heshima ya kuiongoza timu kuingia Wembley kwenye Ngao ya Hisani dhidi ya Leeds. Mechi hiyo inakumbukwa kwa Kevin Keegan wa Liverpool na Billy Bremner wa Leeds kutwangana makonde na kutolewa nje, na Liverpool ikashinda kwa penalti. Kwa macho ya wengi, kuagana kulikuwa kumekamilika.

Kwa Shankly hakukuwa kumekamilika. Alizoea kuamka na kwenda Melwood, uwanja wa mazoezi, na aliendelea kwenda. Anaeleza katika kitabu chake kwamba alikwenda kufanya mazoezi ya kujiweka sawa na kuwa karibu na watu wake. Wachezaji wakimwona walimsalimia kwa jina walilomzoea, Bosi. Paisley, aliyekuwa bosi mpya, walimwita Bob.

Fikiria hali ya Paisley. Asiyependa makuu, aliyeichukua kazi bila kuitaka, anapanga mazoezi huku mtu aliyeijenga timu hiyo amesimama pembeni ya uwanja. Hawakugombana hadharani. Lakini timu haiwezi kuwa na sauti mbili, na minong'ono ikaanza. Shankly anaandika kwamba alihisi kuwapo kwake kunawakera baadhi ya watu, naye akaacha kwenda.

Alipokwenda badala yake ndipo panapoumiza. Nyumba yake ilikuwa West Derby, jirani na Bellefield, uwanja wa mazoezi wa Everton, wapinzani aliokuwa akiwakejeli kwa miaka 15. Everton walimkaribisha. Aliandika kuwa alipokelewa kwa ukunjufu na wao kuliko na Liverpool. Aliandika pia kuhusu safari ya Bruges, Ubelgiji, kwenye fainali ya Kombe la UEFA ya 1976. Klabu ilimwalika, kisha ikamweka hoteli tofauti na ile ya msafara rasmi. Alilichukulia hilo kama tusi.

Wapo wanaosema alijitakia mwenyewe. Aliondoka kwa hiari, na mtu akikabidhi funguo hapaswi kurudi kugonga mlango kila asubuhi. Wanaonyesha pia mfano wa Busby, aliyebaki karibu mno hadi mrithi wake akakosa hewa. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Busby alibaki na cheo na mamlaka. Shankly hakudai kupanga kikosi. Alichotamani ni nafasi kwenye bodi, aendelee kuwa mtu wa Liverpool. Klabu iliyokuwa na busara ya kumpata mrithi ndani ya wiki mbili ilishindwa kumtafutia kiti mtu aliyeitoa Daraja la Pili. Alifariki dunia Septemba 29, 1981, akiwa na miaka 68. Lango lililopewa jina lake lilifunguliwa mwaka uliofuata, na sanamu yake ikasimamishwa 1997. Heshima hizo zilikuja akiwa hawezi tena kuziona.

Chumba kinavunjwa

Paisley alimaliza msimu wa kwanza nafasi ya pili nyuma ya Derby County, bila kombe kubwa lolote. Hakuna aliyemtimua. Katika misimu minane iliyofuata alitwaa ubingwa wa England mara 6, Kombe la Ulaya mara 3, Kombe la UEFA mara 1 na Kombe la Ligi mara 3.

Alipostaafu 1983, bodi ilirudi kwenye chumba kilekile ikamchukua Fagan, aliyetwaa makombe matatu msimu wake wa kwanza. Baada ya maafa ya Heysel ya 1985, ambako watu 39 walipoteza maisha, alifuatiwa na Kenny Dalglish, mchezaji aliyeletwa na Paisley. Dalglish alijiuzulu Februari 1991, akiwa amechoshwa na mzigo wa msiba wa mashabiki wa klabu waliokufa Hillsborough, na Moran akaishika timu kwa muda.

Mwaka 1993, Graeme Souness akiwa meneja, chumba cha njumu kilibomolewa kupisha eneo la waandishi wa habari. Siamini kwamba kuta zile zilikuwa na uchawi. Kilichokufa ni utaratibu wa kumlea mrithi wakati bosi bado yupo kazini. Liverpool haikuuona tena ubingwa wa England kuanzia 1990 hadi 2020, chini ya Klopp. Na Klopp alipoondoka Mei 2024, msaidizi wake Pep Lijnders naye aliondoka kwenda kuifundisha Salzburg. Mrithi ilibidi atafutwe Uholanzi. Slot alikuta wachezaji wazuri na ofisi ya usajili iliyojipanga, lakini njia ya kumpata haikuwa ile ya 1974.

Na sisi je?

Hapa nyumbani Tanzania tunaijua vizuri njia ya kutafuta nje. Tangu kocha Patrick Aussems aondoke Simba Novemba 2019, walipita Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Robertinho na Abdelhak Benchikha, na mwaka 2024 timu ikakabidhiwa Fadlu Davids. Mambo yalipoharibika aliitwa kocha mzawa Juma Mgunda kuziba pengo. Aliitwa 2022 akaifikisha timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akaitwa tena Aprili 2024. Selemani Matola, nahodha wa zamani, amekaa benchi hilo akiwa msaidizi wa makocha wengi. Yanga walivuka salama zaidi. Nasreddine Nabi aliondoka 2023 baada ya kuwafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho, na Miguel Gamondi akaulinda ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Hata hivyo, yeye naye alitoka nje, na kocha wa namna hiyo akiondoka tunaanza tena kusubiri ndege.

Sisemi makocha wazawa wapewe kazi kwa uzawa wao. Paisley hakupewa kazi kwa sababu alikuwa Mwingereza. Alipewa kwa sababu alikuwa na miaka 35 ya kuijua klabu, na klabu ilikuwa na madaftari ya kuthibitisha ilichojifunza. Klabu zetu zinaweza kuanza na hilo msimu huu: rekodi za mazoezi na majeraha ziwe mali ya klabu, zisiondoke kwenye begi la kocha, na wasaidizi wazawa wasomeshwe leseni za juu kwa gharama za klabu wakijua kwamba siku moja kiti kikuu kinaweza kuwa chao.

Kila msimu mpya unapokaribia kunakuwa na Simba Day na Wiki ya Mwananchi ya Yanga. Viongozi hupanda jukwaani kutambulisha sura mpya. Wawaalike pia makocha waliotuachia makombe, wawakalishe mstari wa mbele, wawataje kwa majina wakiwa hai na wakisikia. Liverpool ilichelewa kulifanya hilo kwa Shankly, na sisi hatuna sababu ya kuchelewa.