Jik, Damu na Brashi

Kwa miaka mingi, vyumba vya upasuaji nchini Kenya vilifuata kanuni moja. Mkasi au koleo likitoka kwa mgonjwa, lilitumbukizwa katika ndoo ya Jik, dawa ya klorini, sehemu moja kwa sita za maji, likakaa dakika 10, ndipo likaoshwa. Kanuni hiyo ilienea enzi za hofu ya Ukimwi, na hakuna eneo nchini lililoumizwa na Ukimwi kama Nyanza. Naona kwamba ndoo ile ilimfikiria mwoshaji kuliko mgonjwa anayefuata. Damu huzima nguvu ya klorini, nayo klorini hula chuma na kuacha vishimo ambamo uchafu hujificha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba vifaa visilowekwe katika dawa kabla ya kuoshwa.

Watetezi wa ndoo watauliza: wauguzi wangefanya nini, na glavu nzito zilikuwa adimu? Swali hilo ni la haki. Isitoshe, kazi kubwa ya kando ya Ziwa Victoria ilikuwa ya vifaa vya kawaida. Utafiti wa Kisumu wa tohara kama kinga dhidi ya Ukimwi, uliohusisha vijana 2,784 na kuchapishwa 2007, ulifuatwa na mpango wa serikali kuanzia 2008. Mkasi wa tohara hufunguka, brashi ikafika kila pembe. Makosa ya ndoo yalisameheka.

Kamera za tumboni, yaani endoskopu, hazisamehi. Nazo zinahitajika huku: kichocho cha matumbo, ugonjwa wa maji ya ziwa, hukaza ini hadi mishipa ya umio ikavimba na kupasuka, na daktari huifunga kupitia endoskopu. Endoskopu ya kwanza ya mpira unaopindika kikamilifu ilitengenezwa Marekani na Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwaka 1957. Mpira wa endoskopu haustahimili mvuke wa otoklevu, kwa hiyo hutegemea dawa. Lakini dawa kama glutaraldehaidi hugandisha damu iliyobaki ndani ya njia yake nyembamba, kama ute wa yai kikaangoni. Vijidudu vilivyo chini ya gamba hilo havifikiwi. Mtu atasema Marekani wana mashine za kuoshea na bado, katika miaka ya 2010, endoskopu za mirija ya nyongo ziliambukiza wagonjwa bakteria sugu. Kweli, na lawama kubwa iliangukia kijiwiko cha nchani, mahali ambapo brashi haikufika vizuri. Ushahidi huo unaniunga mkono.

Kamati za ununuzi za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zinapopitisha endoskopu, zipitishe katika bajeti hiyohiyo brashi za kila njia, sabuni ya vimeng'enya, maji safi yasiyokatika, na mshahara wa mwoshaji aliyefunzwa kazi hiyo.