Fumbo la Maji ya Chumvi

Chumvi kavu haipitishi umeme. Maji yaliyosafika kabisa nayo huupitisha kwa shida mno, hata mtu aweza kusema kwamba hayaupitishi. Lakini vitu hivi viwili vikichanganywa, umeme hupita pasipo tabu. Wataalamu walianza kupitisha umeme katika maji mara baada ya Alessandro Volta wa Italia kutangaza betri yake mwaka 1800; hata hivyo, miaka zaidi ya 80 ilipita kabla ya fumbo hili kufumbuliwa.

Mwaka 1834 Michael Faraday wa Uingereza aliviita vile visafirivyo majini kwa nguvu za umeme "ioni", neno litokanalo na Kiyunani, lenye maana ya kiendacho. Wakati huo wengi waliamini kwamba chumvi hukaa nzima ndani ya maji, na kwamba umeme ndio uipasuao, mfano wa shoka lipasualo gogo. Katika mwaka 1857 Rudolf Clausius wa Ujerumani aliona kasoro ya imani hiyo. Kama kazi ya umeme ingekuwa kupasua, basi mkondo dhaifu usingepita hata kidogo, mpaka uongezwe nguvu za kutosha kuvunja kifungo cha chumvi. Kumbe hata mkondo hafifu kabisa hupita mara moja. Kwa hiyo alisema kwamba sehemu ndogo ya chumvi imekwisha gawanyika kabla umeme haujafika.

Kilichohitajiwa sasa ni vipimo vya kutegemewa, navyo havikuwa rahisi kupatikana. Mkondo uendao upande mmoja tu hukusanya gesi na vitu vingine penye elektrodi, na kuharibu hesabu. Friedrich Kohlrausch, Mjerumani, aliishinda taabu hiyo kwa kutumia mkondo ubadilishao upande wake upesi upesi, hata vitu hivyo visipate nafasi ya kukusanyika. Katika miaka ya 1870 alionyesha kwamba, katika maji yenye chumvi kidogo sana, kila ioni huenda kwa mwendo wake yenyewe, bila kujali mwenzake ni nani. Vipimo vilionyesha pia ajabu nyingine: kiasi kile kile cha chumvi kikizidi kuzimuliwa kwa maji, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka.

Ajabu hiyo ndiyo aliyoishughulikia Svante Arrhenius, kijana wa Sweden aliyezaliwa mwaka 1859. Katika tasnifu aliyoitoa kwa Chuo Kikuu cha Uppsala mwaka 1884 alieleza kwamba ndani ya maji baadhi ya molekuli hupitisha umeme na nyingine hazipitishi, na kwamba kuongeza maji huzidisha zile za kwanza. Alidai tena kwamba asidi iliyo hodari katika kupitisha umeme ndiyo iliyo hodari katika kazi za kemia.

Maprofesa wake hawakupendezwa. Tasnifu ilipewa daraja la chini, lisilotosha kumfungulia mlango wa kufundisha chuoni. Wepesi wa kuwacheka leo haufai, maana pingamizi la wanakemia wa siku zile lilikuwa na uzito. Natiri huwaka kwa ghadhabu ikiguswa na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Yawezekanaje viwili hivyo vikae huru ndani ya maji ya chumvi ambayo mtu huyaonja bila kudhurika? Jibu ni kwamba ioni si atomi ya kawaida: imebeba chaji ya umeme, na chaji hiyo huibadili tabia yake yote.

Wilhelm Ostwald, aliyekuwa akifundisha Riga, aliisoma tasnifu hiyo akaitambua thamani yake. Katika mwaka huo huo alisafiri hadi Uppsala kumwona Arrhenius na kumwahidi kazi. Ndipo chuo chake mwenyewe kilipompa nafasi ya kufundisha. Ushahidi wa pili ulitoka kwa J. H. van 't Hoff wa Uholanzi. Yeye aliona kwamba chumvi ya mezani iliyozimuliwa sana hushusha kiwango cha maji kuganda karibu mara mbili kuliko sukari yenye idadi ile ile ya molekuli. Hapo hapakuwa na umeme wowote. Basi ni nini kilichoipasua chumvi? Mwaka 1887 Arrhenius alijibu waziwazi: chumvi hugawanyika yenyewe mara inapoyeyuka. Umeme huzikuta ioni tayari, nao huzisukuma tu.

Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa nadharia hiyo. Lakini nayo haikuwa neno la mwisho. Kwa asidi dhaifu, kama ile ya siki, hesabu yake ilifaa sana. Kwa chumvi ya kawaida haikukubaliana na vipimo. Peter Debye na Erich Hückel walieleza mwaka 1923 kwamba chumvi kama hiyo hugawanyika yote, bali ioni zake huvutana, na mvutano huo hupunguza mwendo wao. Basi waliomnyima Arrhenius daraja walikosea, naye alikosea palipobaki. Vipimo vya Kohlrausch vilibaki vile vile, vikingoja kila kizazi kivisome vema zaidi ya kilichotangulia.