Sauti ya Mfanyabiashara na Gunia la Bahi

Siku hizi imezuka desturi miongoni mwa wakuu wa makampuni, na hapa kwetu imekwisha kuingia. Mkurugenzi huketi mbele ya kipaza sauti, akaulizwa maswali ya upole na mtu aliyemwalika au, mara nyingine, aliyemwajiri mwenyewe. Mazungumzo hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, nawe ukayasikiliza kwenye simu saa yoyote upendayo. Hiyo ndiyo podikasti. Jina lenyewe lilitokea katika gazeti moja la Uingereza mwaka 2004. Washauri wa biashara wanasema kwamba mkuu anayesikika kwa sauti yake, kwa kirefu, huaminiwa kuliko yule anayejificha nyuma ya tangazo. Huenda ni kweli. Lakini utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miaka yote hiyo tumepata nafasi ya kujua ni sauti ipi iliyoaminiwa na kwa sababu gani.

Tuchukue Bahi, magharibi ya Dodoma, kwenye Reli ya Kati. Ugogo ni nchi ya ukame, lakini maji ya mto Bubu hutuama katika mbuga ya pale na watu hulima mpunga. Mavuno yakiwadia, wanunuzi huja na malori. Je, mkulima wa pale aliijuaje sauti ya mfanyabiashara mkubwa?

Kwa muda mrefu hakuijua kabisa. Redio ilimfikia mapema. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam cha kutengeneza redio na betri, na redio ya mkulima ikawa kitu cha kawaida kijijini. Radio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Biashara, lakini humo tajiri alinunua sekunde chache tu za kusifu bidhaa yake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na mabenki kutaifishwa, alitajwa zaidi kuliko alivyosema. Majina yake yalikuwa bepari, kupe, mlanguzi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, habari za mali zilizokamatwa zilienea kila kona, ila maelezo ya mwenye mali hayakusikika. Siwatetei waliofungia sukari ghalani wakati watoto wa wenzao wakikosa uji. Nasema tu kwamba kizazi kizima kilikua kikimsikia mfanyabiashara akisemwa na wengine.

Serikali ndiyo iliyokuwa na sauti, nayo pia haikuaminiwa bure. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo wengi kwenda katika vijiji vya ujamaa. Mtu aliyeacha boma lake kwa amri alikuwa na kila sababu ya kuzima redio. Hata hivyo, mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, nayo ikawakusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote. Kwa maoni yangu, redio yetu haijapata kufanya jambo kubwa kuliko hilo.

Angalia lilivyoendeshwa. Watu hawakusikiliza peke yao. Walikaa vikundi, chini ya mti au darasani, pamoja na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo na aliyekuwa na kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa na mazungumzo yakaanza: hili la malaria, hili la kuhara, linatuhusu sisi hapa? Tufanye nini wiki hii? Wakakubaliana kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Juma lililofuata kila jirani aliona kama shimo la mwenzake limechimbwa au la. Maneno ya Dar es Salaam yalipimwa kwa jembe, mbele ya macho ya watu, na aliyekuwa na ubishi aliutoa palepale.

Zamu ya mfanyabiashara ilifika baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka uliofuata Reginald Mengi, mhasibu aliyegeuka mwenye viwanda, alianzisha Radio One na televisheni ya ITV. Sasa tajiri alikuwa na mnara wake mwenyewe. Wananchi walimsikia mara nyingi, na wengi walimpenda. Lakini kumbuka Aprili 2009, aliposimama hadharani kuwataja wafanyabiashara wenzake watano kuwa mafisadi papa. Mmoja wao alijibu kwamba Mengi mwenyewe ndiye nyangumi. Nchi nzima ikasikia pande mbili, ikabishana vijiweni na kwenye mabasi, kila mtu akaamua lake. Mengi alifariki mwaka 2019, na ubishi ule bado unakumbukwa.

Katika podikasti ya mkurugenzi, papa huongea bila nyangumi kujibu. Anayeuliza hana haraka, wala hana hasira. Na kujibu kwa njia ileile kuna gharama: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na redio za mtandaoni wasajiliwe na kulipia leseni, na ada ilipita shilingi milioni 2. Kampuni iliweza kuilipa bila kutoa jasho. Kikundi cha wakulima wa mpunga kingelazimika kuuza magunia kadhaa kwanza.

Na tukitaja magunia tumefika kwenye kidonda chenyewe. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mkulima anaijua lumbesa: gunia lililojazwa kupita mdomo, likashonewa kipande kingine juu, likalipwa kwa bei ya gunia moja. Mkurugenzi anayenunua mpunga anaweza kuzungumza saa nzima juu ya uadilifu, kwa sauti nzuri, na asiguse habari ya mzani hata mara moja. Akitaka kuaminiwa Bahi, na akipeleke kipaza sauti chake ghalani siku ya kununua, awaachie wakulima waulize, na mlio wa mzani usikike kwenye kipindi.