Ei, Kei, Ai: Jina la Akinyi Linavyopotea

Nenda kumwandikisha Akinyi katika ofisi yoyote kuanzia Oyugis hadi Isebania, utaulizwa jina linaandikwaje. Utajibu kama tulivyofunzwa sote: ei, kei, ai, en, wai, ai. Sikiliza tena. Herufi sita zimetajwa, na hakuna irabu hata moja iliyoitwa kwa sauti yake. Ny, ambayo kinywani mwa Mjaluo ni sauti moja, imekatwa vipande viwili, na kipande cha pili kimepewa jina linaloanza na sauti ya w.

W nayo? Mwita wa Kehancha akiitaja husema dabalyu, jina linaloanza na d. Maana yake ni u mbili, kwa sababu waandishi wa kale wa Kiingereza waliandika uu. H huitwa eich, jina lililotoka Ufaransa, na h yenyewe haimo.

Irabu ndizo zenye kisa kikubwa. Zamani Waingereza walizitamka kwa namna iliyokaribia Kilatini. Katika karne tatu hivi kuanzia mwaka wa 1400 matamshi yao yalihama: a ndefu ikaishia kuwa ei, e ikapanda ikawa ii, i ikawa ai. Maandishi hayakuhama nayo. Wamishonari walipoandika Kiswahili na Dholuo, walizirudishia irabu sauti za Kilatini. Kwa hiyo mtoto wa Awendo husoma a, e, i, o, u katika somo la Kiswahili, na kipindi kinachofuata anaambiwa e ni ii. Namhurumia, tena namstahi, maana wengi wao hulimudu jambo hilo kabla ya kufika darasa la tatu.

Ofisini ndipo gharama inapoonekana. Otieno ni mwana wa kiume aliyezaliwa usiku, Atieno ni wa kike. Herufi moja tu inawatenganisha. Sasa itaje Atieno: ei, ti, ai, ii, en, o. Karani mwenye sikio la Kiswahili akisikia ii huandika i, na akisikia ei kwa haraka huandika e. Miaka ikipita, kitambulisho na cheti cha KCSE havipatani, na mwenye jina analipia hati ya kiapo ili athibitishe kuwa yeye ni yeye. Ng' ya Ochieng' ina dhiki zaidi: alfabeti ya Kiingereza haina jina la sauti hiyo, na ritifaa huachwa kana kwamba ni doa la wino.

Karani wa Homa Bay na wa Migori, nakuomba: mwache mwenye jina alitamke silabi kwa silabi, A-ki-nyi, A-ti-e-no, kisha mwonyeshe ulichoandika kabla hujapiga muhuri.