Nyumba za Kale na Walinzi Wake

Mji Mkongwe wa Unguja wajulikana kwa nyumba zake za mawe, chokaa na boriti, nyingi zikiwa zimejengwa siku za Malkia Victoria. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika urithi wa ulimwengu. Walakini cheo hakitegemezi ukuta. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika kutengenezwa, na watu wawili wakafa. Basi sisi wa Kilosa na Mikumi, tulioona Mto Mkondoa ukifurika Desemba 2009, tusingoje cheo. Katika jubilei hii kila mtaa na utazame paa na mifereji ya nyumba zake za kale. Maji yakiisha kupenya, chokaa hulegea na boriti huoza. Nyumba hutunzwa kwa mikono, wala si kwa sifa.