Ujiwakili, si Siasa za Umaarufu

Kama “siasa za umaarufu” ndiyo Kiswahili cha upopulisti, kama kamati fulani ya istilahi ilivyotuamulia, basi chama cha rais wa zamani wa Kongo Mobutu, Mouvement Populaire de la Révolution (MPR), tukiite Harakati Maarufu ya Mapinduzi. Wazee wa Kadutu, hapa Bukavu, waliolazimishwa kuimba na kucheza kukisifu chama hicho watashika mbavu kwa kicheko.

Umaarufu ni jambo lingine kabisa. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kujua, ule ule uliotupa arifu, taarifa na maarifa. Maarufu ni anayejulikana, basi. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi anajulikana Bukavu nzima, na tangu Nobel ya Amani ya 2018 anajulikana duniani kote. Aligombea urais Desemba 2023, akaambulia chini ya asilimia moja ya kura. Mtu maarufu kumzidi huyo tutamtoa wapi? Na nani mwenye akili timamu atamwita mpopulisti?

Wengine wanataka tubaki na “upopulisti” tu. Sina ugomvi na maneno ya mkopo. Shule na meza tulizikopa, na hakuna aliyelalamika. Lakini meza inaonekana kwa macho, ilhali upopulisti unamwacha msomaji pale pale alipokuwa.

Neno langu ni ujiwakili. Mzizi wake, nao wa Kiarabu, ni kukabidhi. Humo yametoka wakili, wakala, kuwakilisha, hata kutawakali kwa mja anayemwachia Mungu mambo yake. Katika maneno yote hayo kuna anayekabidhi na anayekabidhiwa. Wakili hajitumi, hata maavoka wetu wa Bukavu, pamoja na bei zao, husubiri mteja aje. Sasa ingiza ji-, na yule wa kwanza anafutika. Anabaki mtu aliyejikabidhi umma wenyewe bila kuuliza. Tena neno tunalolitumia kutwa hapa Kivu, raia, kwa asili ni kundi la mifugo lenye mchungaji wake. Mjiwakili analielewa vizuri kuliko wanakamati.

Mobutu alitwaa nchi kwa jeshi tarehe 24 Novemba 1965; chama kilifuata Mei 1967, pamoja na Ilani ya N'Sele. Katika uchaguzi wa rais wa 1970 alikuwa mgombea peke yake. Mpiga kura alichagua kadi ya kijani, ya matumaini, au nyekundu, ya vurugu. Matokeo rasmi yalitaja zaidi ya kura milioni 10 za kijani, na nyekundu 157. Mwaka 1974 katiba ikaandika kwamba MPR ndiyo taifa lenyewe lililopangwa kisiasa, na rais wa chama ndiye rais wa nchi. Mtoto alizaliwa akiwa mwanachama. Aliyekataa alihesabiwa kuwa ameukana umma wake.

Laurent-Désiré Kabila alimng'oa Mobutu 1997, na miaka miwili baadaye akaleta Kamati za Mamlaka ya Umma: jina jipya, dai lile lile. Na sisi wa Bukavu tumepokea waasi wa AFDL 1996, RCD 1998, AFC/M23 Februari 2025, kila mmoja na bunduki zake, kila mmoja kwa jina letu. Barua ya kumtuma hatukuiona.

Wajiwakili wa leo huko Ulaya na Marekani huingia kwa kura, na vijana wao hawavai mashati meusi kama wa Mussolini. Tofauti hiyo ni kubwa, na wachambuzi wa redioni wanaomwita kila mpiga kelele fashisti wanaifuta bure. Kinachofanana ni dai: umma ni mmoja, sauti yake ni mimi, na jaji au mwandishi anayenipinga ni msaliti. Istilahi nzuri hulishika dai hilo, iwe limetolewa N'Sele au Washington.

Bwana mmoja mwenye shahada nyingi amenipinga kwamba kujiwakilisha ni kusimama mahakamani bila wakili, yaani kujisemea mwenyewe. Namshukuru. Mjiwakili anasema “umma” huku akijisemea mwenyewe, na neno langu limemkamata kotekote. Kamati niliyoipelekea hoja hii haikunijibu hata kwa salamu.

Matumizi ni mepesi: mjiwakili, wajiwakili, siasa za kijiwakili. Wanakamati wakipata neno lenye nguvu kuzidi hili, walilete tulipime. Umaarufu wawaachie wanamuziki.